Uzoefu wangu: kibali cha fensi na ukuta wa kuzuia udongo kwenye kiwanja cha biashara, Miyuji Dodoma

Habari wadau, naandika hii kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kunishikia suala la kibali sikupata aliyeelezea vizuri, wengi wanaongelea kibali cha nyumba tu, fensi wanaichukulia ni kitu cha kumpigia fundi simu asubuhi jioni tofali zimeshapanda. Hapa naelezea ofisi iliyonichorea na kunisaidia hadi kibali kikatoka.

Kiwanja changu kiko Miyuji, ukitoka barabara ya Arusha unaingia ndani kidogo, mbele nina fremu nne na nyuma stoo ya saruji na nondo. Kimelala kwenye mteremko, jirani wa juu ardhi yake iko kama mita mbili na nusu juu ya sakafu ya stoo. Mwanzoni fundi alinipandishia ukuta wa bloku za inchi sita upande huo, akajaza udongo nyuma, ukaonekana umenyooka kabisa. Mvua za Januari zilipokolea ukaanza kutoa tumbo, asubuhi moja nafungua stoo nakuta ufa umeshuka kutoka juu mpaka kwenye msingi, sarafu ya mia mbili inaingia yote, na matope yanachuruzika juu ya mzigo. Mifuko 38 ya saruji iliganda. Niliumia sana, ule ulikuwa mtaji wa mkopo. Siku chache baadae wakaguzi wakapita wakapiga X nyekundu, kibali sina, na kiukweli hapo walikuwa na haki.

Mchoraji wa kwanza niliyempata alichukua hela akachora mstari wa fensi kuzunguka kiwanja, basi. Maombi yakarudishwa, wanataka mchoro unaoonyesha ukuta ukiwa umekatwa ubavuni, wanataka mahesabu ya mhandisi, wanataka kuona maji yanaelekea wapi. Nikampigia, hapokei. Wiki tano zikapotea hivyo.

Ndo mteja wangu mmoja mkandarasi akanipeleka kwenye hiyo ofisi ninayoiongelea, ina msanifu na mhandisi wote wamesajiliwa na bodi zao. Cha kwanza kilichonifurahisha mhandisi alikuja saiti kabla hata hatujaongea bei, akaomba kijana achimbe shimo la kufika kiunoni, akashika udongo akaufinyanga mkononi, akapanda mpaka kwa jirani kuangalia maji ya bati lake yanamwagikia wapi. Akaniambia, "Dada, fensi inajibeba yenyewe, huu wa nyuma unabeba mlima." Akanieleza kwamba urefu ukizidisha mara mbili msukumo wa udongo unakuwa mara nne, afu maji yakijaa nyuma bila pa kutokea yanasukuma na yenyewe, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Hapo nikaelewa kwanini ule wa bloku ulitoa tumbo, haukuwa na tundu hata moja.

Wakanichorea ukuta wa mawe, chini upana mita moja na robo unapungua hadi sentimita 45 juu, mabomba ya inchi tatu ya kutolea maji yametoboa ukuta toka nyuma hadi mbele kila baada ya mita moja na nusu, nyuma kokoto badala ya udongo, na juu mfereji wa kukusanya maji ya kwa jirani. Fensi ya pande nyingine ikachorwa peke yake.

Maombi tuliingiza kwenye Tausi, mfumo wa serikali wa mtandaoni, nikaskani hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi na michoro yote. Wataalamu wa jiji wakaja kukagua, wakasema geti lisifungukie barabarani liwe la kuslaidi, na kona ya fensi ikatwe ili dereva anayetokea uchochoroni aone anayekuja. Mwenzangu mwenye eneo kando kabisa ya barabara kuu ya Arusha yeye ilibidi apime kwanza mita 30 kutoka katikati ya lami, ndani ya hapo ni hifadhi ya barabara, huwezi kuweka ukuta.

Kilichonichelewesha ni bikoni, yale mawe ya kuonyesha mpaka wa kiwanja. Moja ilikuwa imefukiwa, mpima ardhi akalazimika kurudi kwenye ramani ya zamani ya CDA (mamlaka iliyokuwa inaendeleza mji wa Dodoma, ilivunjwa 2017 lakini viwanja vingi vya huku vilipimwa enzi zake) na ikaonekana fensi yangu ya zamani ilikuwa imemmegea jirani sentimita 60. Nilienda mwenyewe kumuomba radhi mzee wa watu, akanipokea vizuri sana. Hapa nailaumu ofisi, bikoni wangeniambia niitafute siku ya kwanza, sio baada ya kuchora, maana nililipia marekebisho ya mchoro. Na simu zao mchana ni shida kupokelewa, bora meseji.

Toka tuingize maombi mpaka kibali kutoka ni siku 23. Kazi yao yote nililipa laki sita na nusu, mpima ardhi mbali. Ile mifuko iliyoganda na ukuta niliobomoa vilinigharimu zaidi ya hapo. Nawapa nane kwa kumi, na kazi nyingine nitawapelekea.

Ukuta uliisha Novemba. Mvua kubwa ya kwanza nilikaa stoo mpaka saa tatu usiku na tochi namulika, kwanza kimya, baada ya kama nusu saa mabomba ya chini yakaanza kutiririsha, maji meupe kabisa hayana matope, ukuta wenyewe mkavu. Nilikaa nayaangalia mpaka mvua ikakatika.

Fensi ya mbele na geti bado nakusanya hela, nikimaliza na wakaguzi wakipita nitaleta mrejesho.