Masomo ya Jumamosi ya Kiingereza na Fasihi hapa Jinja: lipia kalamu nyekundu, achana na pamfleti

Wazazi wenzangu wa hapa Walukuba wamekuwa wakiniuliza kama yale masomo ya Jumamosi niliyompeleka binti yangu yana faida au ni kula pesa za watu tu. Naona niandike kwa kirefu, maana jibu si la ndiyo wala hapana. Kuna jambo moja wanalifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuona popote, na kuna vitu wanaviuza ambavyo mzazi asivitolee hata shilingi mia. Kituo chenyewe sikitaji jina. Vya namna hiyo viko vingi kuanzia Iganga hadi Mukono, na nitakayoyasema yatakusaidia kukipima chochote utakachokutana nacho.

Kwanza hali ya mtoto. Binti yangu ni wa lile kundi la kwanza la mtaala mpya wa sekondari hapa Uganda. Waliingia S.1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, Februari 2020, Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na mpaka zilipofunguliwa zote Januari 2022 walikuwa wamesoma vipande vipande tu. Hesabu unaweza kumkalisha mtoto na kitabu akajipima mwenyewe kwa majibu ya nyuma. Kiingereza cha kuandika hakikubali hivyo, kinataka mtu mzima anayekijua akae asome ulichoandika, neno kwa neno. Nyumbani kwetu ni Kiswahili, nje ni Kiswahili, Lusoga na Luganda, kwa hiyo muda wote ule Kiingereza chake kilikuwa cha redio na simu. Alipofika S.3 alikuwa anakizungumza vizuri tu. Mpe karatasi sasa ajaze kurasa mbili: sentensi inaanza jana, katikati iko leo, na nukta inawekwa pale pumzi ilipokata.

Na mtihani wenyewe ulikuwa mgeni kwa kila mtu. UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza S.4, ya 2024 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa mtaala huu. Yale madaraja ya zamani ya kujumlisha masomo yameondolewa, sasa kila somo lina herufi yake, A hadi E. Asilimia 20 ya alama zinatokana na kazi alizofanya mtoto shuleni, na asilimia 80 ni mtihani wa mwisho wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Maswali nayo yamebadilika. Mtoto anapewa hali ya maisha, labda mtaa una tatizo, labda shule inapokea mgeni, kisha anatakiwa aandike kitu kinachofaa hali hiyo: barua, hotuba, ripoti, makala. Mitihani ya miaka iliyopita ya kufanyia mazoezi haikuwepo, maana miaka iliyopita ilikuwa ya mtaala mwingine. Kilichokuwepo ni mifano ya maswali tu. Walimu wenyewe shuleni walikuwa wanapapasa, na siwalaumu. Wanafunzi ni wengi, na mwalimu mmoja hawezi kusahihisha insha za madarasa matatu kila wiki na bado apate kulala.

Kiingereza ni lazima kwa kila mwanafunzi. Fasihi ya Kiingereza ni ya kuchagua, na binti yangu aliichagua kwa sababu anataka kusomea sheria. Kwa hiyo nilitafuta mahali panapofundisha yote mawili.

Masomo yalikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kukodi si mbali na Main Street. Walimu walikuwa wawili, madamu wa lugha na mwalimu mwingine wa fasihi, wote wazoefu wa darasani. Bei ilikuwa shilingi 15,000 kwa Jumamosi, na ukilipa muhula mzima kwa mara moja wanakupunguzia. Unalipa kwa mobile money na risiti unapewa. Kwa familia ya mshahara mmoja hizo si pesa kidogo, ongeza nauli ya boda na chakula.

Sasa niseme kilichonifanya nibaki.

Madamu hakuwa na notisi za kuandikisha. Siku ya kwanza aliwapa swali moja tu: mwandikie karani wa jiji barua kuhusu uchafu katika soko la mtaani kwenu. Binti yangu akaandika, kama watoto wote wanavyoandika, kwamba soko ni chafu sana, uchafu unaleta magonjwa, na serikali ifanye jambo. Daftari lilirudi Jumamosi iliyofuata. Kosa halikukatwa na kurekebishwa kwa niaba yake. Palipigwa mstari chini yake tu, na pembeni kuna maswali kwa kalamu nyekundu: Sehemu gani ya soko? Tangu lini? Nani anaumia zaidi? Unamwomba karani afanye nini hasa, na kabla ya siku gani? Chini kabisa akaandikiwa aandike upya.

Utaratibu wa daftari ulikuwa hivi. Ukurasa wa kushoto ni wa jaribio la kwanza, wa kulia ni wa kuandika upya insha ile ile baada ya kusahihishwa. Hakuna kwenda swali jipya mpaka ukurasa wa kulia ukubaliwe. Kwenye ukurasa wa kulia wa ile barua ya soko kukawa na mtaro ulioziba nyuma ya wauza samaki tangu mvua za Aprili, mama mjane anayekunja meza yake saa saba mchana kwa sababu wateja hawavumilii harufu, na ombi la gari la taka lipite mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Barua ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Nyakati za vitenzi zilikaa sawa zenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kuwa sasa alikuwa na tukio la kusimulia na alijua lilitokea lini. Mimi si mwalimu, ila nilipoweka kurasa zile mbili pembeni kwa pembeni mezani nilielewa pesa yangu inakwenda wapi.

Ndiyo maana nasisitiza: mtoto hajifunzi kuandika kwa kufundishwa insha nyingi. Anajifunza kwa insha moja kusomwa na mtu makini na kurudishwa, akairudia. Kituo kinachokuambia watoto wake wameandika insha hamsini, waulize ngapi ziliandikwa mara ya pili.

Sarufi ilifundishwa kutokana na makosa yao wenyewe. Madamu alikuwa anakusanya sentensi zenye kasoro kutoka kwenye madaftari, anaziandika ubaoni bila kutaja mwenyewe, na darasa linazitengeneza. Muhtasari na ufahamu ulipata muda mdogo, na hilo niliwaambia. Muhtasari ni kazi inayotaka mkono uliozoea. Mtoto anaweza kuelewa habari yote na bado akapoteza alama kwa kunakili maneno ya mwandishi au kupita idadi ya maneno aliyoruhusiwa. Hapo tulijazia nyumbani. Nilimpa habari za gazetini, naye anazibana kwa maneno yake.

Fasihi nayo ilinishangaza kwa namna nyingine. Mwalimu yule alikataa kueleza tamthiliya kabla haijasomwa kwa sauti. Watoto wawili wanasimama, wanasoma mazungumzo yale yale mara mbili, kwanza mhusika akiwa anaomba, kisha akiwa anatisha. Halafu anawauliza ipi ni sahihi, na neno gani katika kitabu linakuonyesha hivyo. Binti yangu alirudi nyumbani siku moja anabishana bado, peke yake, huku anapika. Maswali ya dondoo, yale yanayokuuliza nani anasema, anamwambia nani, nini kimetokea kabla na nini kinafuata, aliacha kuyaogopa baada ya hapo, maana huwezi kusahau tukio uliloliigiza kwa mdomo wako.

Jambo dogo nililolipenda: aliwaeleza watoto kuhusu mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere Juni 1962, na kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alihudhuria akiwa bado mwanafunzi pale pale. Watoto wetu wanakua wakidhani fasihi ya Kiingereza ni mali ya London, wao wamealikwa tu. Kumbe mojawapo ya mijadala mikubwa kuhusu uandishi wetu ilifanyika saa mbili tatu kutoka Jinja kwa taksi. Binti yangu alibadilisha mkao wake kwenye somo lile, na hilo halina bei.

Sasa upande mwingine.

Pamfleti. Mlangoni kulikuwa na meza ya vijitabu vya fotokopi, elfu kumi kila kimoja, "maswali na majibu" ya kila kitabu teule. Nilinunua cha riwaya moja nikakisoma chote usiku mmoja. Majibu yameandikwa kwa maswali ya mtindo wa zamani, maudhui yamepangwa kwa namba, kila mhusika ana sifa tano za kukariri. Mtoto akiyameza yale na mtihani ukampa hali mpya ya kuitolea maoni yake, atamwaga sifa tano hata pasipohusika. Ni kama kumvalisha mtoto sare ya kaka yake: inamfunika, haimkai. Walimu wenyewe hawakuvitumia darasani hata siku moja, sasa kwa nini viuzwe mlangoni mwao? Niliwauliza, sikupata jibu la kuridhisha.

Muhula wa tatu. Baada ya mitihani ya majaribio, wazazi walishtuka na ukumbi ukajaa. Kundi lililokuwa la kukaa kila mtu na dawati lake likawa la kubanana watatu kwenye benchi. Madaftari yakaanza kurudi baada ya Jumamosi mbili, maswali pembeni yakageuka kuwa tiki. Yaani kile kitu pekee nilichokuwa nalipia ndicho kilichopungua, na bei ikabaki ile ile. Sisi tuliolipa muhula mzima hatukuwa na pa kwenda, kwa sababu pesa hairudishwi. Wangefunga mlango idadi fulani ikifika, au wangeongeza mwalimu. Niliwaambia hivyo ana kwa ana, na narudia hapa kwa sababu ni haki ya mtoto aliyelipiwa.

Kundi la WhatsApp lilikuwa na msaada wa kiasi, ila rekodi ndefu za sauti zinakula bando, na mzazi mwenye kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, alikosa matangazo. Siku ukumbi ulipobadilishwa, baadhi ya watoto walisimama nje ya lango la zamani mpaka wakakata tamaa.

Kuna jambo wazazi wengine walilalamikia nami nalisifu. Kwa kuwa kazi za shuleni zinahesabiwa katika ile asilimia 20, wapo waliotaka walimu hawa wawaandikie watoto kazi zao za mradi. Mama mmoja alisema mbele yetu kwamba yuko tayari kuongeza pesa. Madamu akamjibu kwa upole, "Mama, nikimwandikia mimi, Oktoba atakaa na nani kwenye chumba cha mtihani?" Akakataa kata kata. Alikubali kuisoma kazi iliyokwisha kuandikwa na kuuliza maswali, basi. Kwangu hiyo ndiyo sifa ya mwalimu.

Matokeo yalitoka Februari 2025. Kiingereza alipata B, Fasihi A. Shule yake ina mchango wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekaa usiku na daftari hata umeme ulipokatika, kwa hiyo siwezi kuyapa masomo ya Jumamosi sifa yote. Ninachoweza kusema ni kwamba kuandika kwake kulibadilika machoni pangu, na kulibadilika katika miezi ile ambayo daftari lilikuwa linarudi kila wiki. Baada ya hapo aliendelea na S.5 kusoma HLD, yaani historia, fasihi na dini. Ule mkono wa kuandika upya ameuchukua kwenda nao.

Ningempendekezea nani? Mtoto wa S.3 au mwanzo wa S.4 mwenye la kusema lakini kalamu yake haimsaidii. Aliyebakiza wiki sita kufika mtihani, usimpeleke. Atakuta msongamano na atauziwa pamfleti. Kabla hujatoa pesa, omba uonyeshwe daftari la mwanafunzi aliyekuwepo angalau muhula mmoja, ulifungue katikati, utafute insha iliyoandikwa mara mbili. Wakisita kukuonyesha, rudi nyumbani. Na lipa kwa Jumamosi hata kama inagharimu zaidi kidogo, ili wingi ukizidi uweze kuondoka.

Mdogo wake ameingia S.3 mwaka huu. Nimemwandikisha kwa yule yule madamu, kwa malipo ya Jumamosi, na nimemwambia wazi kwamba siku daftari litakaporudi na tiki tupu nitakuja kuuliza.