Duka la mboga Kampemba: mazao ni mazuri, lakini bustani itajwe

Duka la mboga na matunda lililofunguliwa katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, lina desturi ambayo masoko yetu yote yangefaa kuiiga: juu ya kila kreti pameandikwa mazao yalikotoka. Lengalenga (mchicha), matembele na kabichi ya Kichina hufika alfajiri zingali na umande, na mama anayeziuza huzinyunyizia maji kidogo tu, bila kuzilowesha hadi zikaanza kuoza katikati ya fungu. Bei ya mboga za majani ni ya haki.

Nyanya na vitunguu havina unafuu huo. Kreti nyingi zimeandikwa Zambia, mzigo umepitia mpakani Kasumbalesa, na dola ikipanda, bei nayo hupanda. Simlaumu mwenye duka, kwa kuwa mvua zikikolea nyanya zetu hushambuliwa na ukungu, na mkulima asiye na mbegu bora, dawa wala ghala hawezi kushindana na malori ya jirani. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliahidi mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo, na huko Maputo, mwaka 2003, nchi za Afrika, yetu ikiwamo, zilikubali kukitengea kilimo angalau asilimia 10 ya bajeti. Hata hivyo, wapo wakulima wa bustani kando ya mto Kafubu ambao bado wanamwagilia kwa ndoo.

Kasoro ninayomtaka mwenye duka airekebishe ni maandishi ya “Lubumbashi” yasiyotaja bustani. Miaka mingi ya kuyeyusha shaba imeacha kobalti, risasi na kadimi katika udongo wa baadhi ya mitaa, hasa kaskazini-magharibi mwa bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, ambako upepo ulizoea kuelekea. Kuosha mboga huondoa vumbi, lakini hakuondoi kile ambacho mmea umekwisha kufyonza kupitia mizizi, na lengalenga hufyonza sana. Nilipouliza, “Mama, hizi zimelimwa bustani gani?”, nilijibiwa kwa upole, “Ni za hapa hapa, papa.” Mzazi anayewapikia watoto mboga hizo kila siku anastahili jibu kamili zaidi.

Kwa sasa ninapendekeza mazao yanayoletwa kwa barabara ya Kasenga, kwani kreti zake hutaja kijiji. Fikeni mapema, kufikia saa nne matembele huwa yamekwisha.