"Rangi itafunika": uzoefu wangu wa karatasi nzito za nakshi

Karatasi yenyewe sina ugomvi nayo, na nataka hilo lieleweke kabla hasira haijanipeleka mbali. Niliichagua Anaglypta, karatasi ya kubandika ukutani, kwa ajili ya sehemu ya chini ya kuta za korido na ngazi katika nyumba yetu hapa Leicester, nyumba ya matofali ya zama za Malkia Victoria, kwa sababu nakshi zilizoinuka huficha plasta iliyochoka na hustahimili mabegi ya watoto. Ninayemlalamikia ni fundi, mwenzetu tunayezungumza naye Kiswahili, niliyemkaribisha kwangu kwa moyo mweupe.

Aliharibu tangu kwenye gundi. Karatasi nzito hunywa maji ikatanuka, kwa hiyo kila kipande hupakwa gundi, hukunjwa na kuachwa kilainike kwa muda uleule, ili vyote viwe vimetanuka sawa kabla ya kupandishwa ukutani. Yeye kipande kimoja alikiacha mezani akiongea na simu, kilichofuata akakibandika papo hapo. Hiki cha pili kikaendelea kutanuka kikiwa ukutani, kikatoa viputo, na kilipokauka maua yake hayakukutana tena na ya jirani yake. Nilipomwonyesha, alinijibu bila hata kugeuka: "Dada, tulia. Rangi itafunika."

Kisha akatoa rola ya kukandamizia maungio. Rola inaifaa Lincrusta, aina nyingine ya pambo la ukutani lenye nakshi, aliyoibuni Frederick Walton mwaka 1877, kwa kuwa ile hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani na ni ngumu. Anaglypta, aliyoibuni Thomas Palmer mwaka 1887, ni nyuzi za karatasi. Ikiwa mbichi hubonyea kama andazi la moto, na ikishabonyea haiinuki tena. Husukumwa kwa brashi, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Nilimwambia hayo kwa adabu, naye akaniuliza kati yangu na yeye fundi ni nani. Swali lile, ndani ya nyumba yangu na mbele ya wanangu, limenikaa kooni hadi leo.

Rangi haikufunika chochote. Taa ya ngazini humulika ukuta kwa ubavu, na mkono wa kwanza wa rangi ya maji ulipokauka, maua mazima yalitoa vivuli huku yaliyokandamizwa yakibaki bapa, ukanda wa upana wa vidole viwili kwenye kila maungio, kutoka juu hadi chini. Mkono wa pili ulizidisha tu aibu.

Ukuta wa mlangoni tuliubandika mimi na mume wangu baada ya kumwondoa, kwa brashi na saa mkononi, na umetoka vizuri kiasi kwamba wageni huupapasa kabla hawajavua viatu. Kwa ukuta huo ningewaambia nunueni karatasi hii bila kusita. Lakini jioni ninapopanda ngazi na taa imewaka, naona afadhali ningeacha plasta mbovu ilivyokuwa, maana kuibandua sasa, ikiwa na mikono miwili ya rangi isiyopitisha maji kirahisi, ni kuikwangua kipande kwa kipande. Basi mkiinunua, muulizeni fundi atatumia nini kwenye maungio, na akitaja rola msimfungulie mlango.