Kipakatalishi ni Changu, Lakini Msimamizi ni Nani?

Watazamaji wapendwa, hamjambo. Kipakatalishi hiki cha mtumba nimekinunua hapa Mombasa, katika duka moja la Barabara ya Digo, kwa shilingi 28,000. Kuhusu kumbukumbu na betri yake sitawachosha, kwani sifa hizo zimebandikwa kwenye kila kioo cha duka mjini. Kilichoniudhi ni kingine, na ningependa mkione kwa macho yenu.

Ninasimika programu ya printa. Skrini inafifia, dirisha linatokea, nalo linadai nywila ya msimamizi ambaye jina la akaunti yake silijui kabisa. Ninafungua mipangilio, na chini ya jina langu imeandikwa kwamba mimi ni mtumiaji wa kawaida. Saa nayo imechelewa dakika saba. Ninaruhusiwa kubadili ukanda wa saa, ila nikitaka kusogeza saa yenyewe, ninadaiwa tena nywila ya mtu yule yule. Fedha nimetoa mimi, risiti ninayo mimi, lakini huyo nisiyemjua ana uwezo wa kufungua faili zangu na hata kuifuta akaunti yangu.

Mwanzoni nililikasirikia dirisha lenyewe, na hapo nilikosea. Katika mfumo endeshi wa Windows XP wa 2001, akaunti iliyoundwa wakati wa kusimika mfumo ilikuwa ya msimamizi, basi wengi walifanya kila kazi kwa mamlaka hayo, na kirusi kilichoingia kwa flashi kiliyarithi yote. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ndiyo iliyoleta dirisha hili. Maswali yake yakawachosha watu, hata Windows 7 ya 2009 ikaweka ngazi nne za kuchagua dirisha litokee mara ngapi. Ningekuwa msimamizi, ningeulizwa ndiyo au la tu. Ubuntu, mfumo endeshi mwingine ambao uchambuzi wake nitauleta Jumamosi, inanipendeza zaidi: akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu, hufungwa tangu mwanzo, na mtumiaji wa kwanza hupewa sudo, amri ya kuazima mamlaka hayo kwa nywila yake mwenyewe.

Kwa bei hii, mashine ni nzuri, nami bado ninaipenda. Kabla ya kulipa, lakini, ombeni muone akaunti yenu imeandikwa msimamizi. Kesho asubuhi ninairudisha dukani, na wasipoiondoa akaunti ile mbele yangu, nitafuta diski yote na kusimika mfumo upya.