Waksi ya Kopo kwa Magari ya Malindi: Nzuri, Ila Si Mwavuli

Waksi ngumu ya karnauba, ile ya kopo bapa la gramu 200 hivi lenye kisponji ndani, haikuli pesa bure kwa gari linalolala nje Malindi. Tatizo ni wauzaji kuinadi kama kinga ya jua. Jua linazuiwa na klia, ule utando wa juu kabisa wa rangi ya gari, unaopitisha mwanga, ambao kiwandani hutiwa kemikali za kunyonya miale. Klia haifiki hata unene wa unywele, kama mikroni 40 hadi 50. Kazi ya waksi ni kuiepusha hiyo klia na chumvi ya bahari, mavi ya kunguru na maji ya kisima, ambavyo jua likivipasha huitafuna.

Kabla ya kulipa, hakikisha hujapewa kampaundi, yaani dawa ya kusugulia yenye chenga. Makopo yanafanana mno. Sugua kidogo kati ya vidole viwili. Ukihisi chenga, rudisha. Kampaundi hung'arisha kwa kukwangua, ndiyo maana waosha magari wengi wanaipenda: mteja anaondoka akitabasamu, klia imepungua. Ikirudiwa rudiwa, boneti na rufu hutoka mabaka meupe na kubanduka. Hapo waksi haisaidii kitu, mtafute penta.

Paka asubuhi mapema au jua likishapoa, kivulini, boneti ikiwa baridi mkononi. Msimu wa kusi gari hujaa mchanga, kwa hiyo mwagia maji kwanza kabla ya kugusa na kitambaa. Tumia maji ya mfereji na shampuu ya gari. Sabuni ya vyombo huondoa waksi iliyopo. Kausha kabisa. Gramu 15 zinatosha gari zima la saluni: lowesha sponji kidogo, paka kipande kimoja kimoja, utando mwembamba. Ukifanya ukungu, pitisha kidole. Kikiacha alama safi, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba; utando ukivutika, ngoja. Anayepaka nene hujitafutia kazi, maana hugandia na kuacha weupe kwenye plastiki nyeusi. Mkono wa pili, baada ya saa chache, uwe wa rufu na boneti tu.

Udumu ndio udhaifu wake mkubwa. Lebo iahidi itakavyo, kwa gari linaloshinda juani karibu na bahari hesabu wiki nne hadi sita. Maji yakiacha kusimama matone na kutandaa, imekwisha. Asiye na nafasi ya kupaka kila mwezi anunue sila ya polima, kinga ya kupaka iliyotengenezwa kiwandani badala ya waksi. Mng'ao wake ni mkavu kidogo lakini huvumilia miezi kadhaa.

Magari ya zamani na yaliyopigwa rangi isiyo na klia yana hesabu nyingine. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye polishi: kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia, na jua linaila rangi yenyewe. Nyekundu ndiyo huumia zaidi, hugeuka waridi. Waksi haitalizuia jua hapa pia, ila ni lazima ili kuiepusha rangi na chumvi na mavi, kwa ratiba ileile.

Na turubai? Upepo wa kusi ukilipiga, mchanga ulio chini yake unakuwa msasa. Banda la makuti linalishinda, na linaishinda waksi pia. Mavi ya kunguru yakishakauka usiyakwangue: weka kitambaa kilicholowa dakika mbili tatu, kisha yanyanyue.