Punta Arenas: maziwa ya ndizi na boti ya damu ya sili

Nimerudi Ujiji likizo, na kila kibaraza ninachokaa swali ni moja: "Baharia, huko kwenye barafu mlikuwa mnakula nini?" Barafu yenyewe sikuiona. Meli yetu ya mizigo ilifunga Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, kwenye Mlangobahari wa Magellan, mji ambao wasafiri wa Antaktiki hupakia mahitaji yao ndipo wavuke. Tulikaa siku nne, Desemba. Nilichokiona ni upepo.

Na upepo wenyewe! Hili kusi linalowaweka wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, nchi kavu, kule ni hewa ya asubuhi tu. Kofia yangu iliondoka siku ya kwanza. Nikanunua ya sufu kwenye duka moja karibu na bandari, kwa bei ambayo mke wangu hataijua. Halafu saa nne usiku jua ndiyo kwanza linazama. Isha niliisali nasinzia.

Sasa chakula. Kiosko Roca ni kibanda kidogo katikati ya mji, watu wanasimama bega kwa bega kwenye kaunta. Wanasifika kwa vitu viwili: choripán, yaani kimkate kilichopakwa soseji iliyosagwa, na maziwa ya ndizi. Soseji za kule ni za nguruwe, kwa hiyo sikugusa. Mwenzangu Mfilipino alikula chake na changu. Maziwa nilikunywa glasi tatu. Ya baridi, mazito, utamu wake haukeri. Kule haumei hata mgomba mmoja, ndizi zinaletwa na meli kutoka Ecuador, lakini wamejenga jina kwa ndizi. Sisi mikungu ya Kasulu imelala sokoni, ukiomba kinywaji unapewa soda. Nyota tano. Nenda mapema kama hupendi kubanana.

Makumbusho ya Nao Victoria yako nje ya mji, ufukweni, na dereva wa teksi alinizungusha mpaka nikakasirika. Pale wameunda upya vyombo vya kale kwa ukubwa wake halisi, na unaruhusiwa kupanda. Ile kubwa ya msafara wa Magellan, baharia Mreno wa karne ya 16, niliipitia haraka. Mimi mtoto wa fundi boti, nilikwama kwenye ile ndogo, James Caird.

Haifiki mita 7. Boti za abiria za Kibirizi zinaiacha mbali. Na ndiyo Ernest Shackleton, mpelelezi wa Antaktiki ambaye meli yake ilivunjwa na barafu, na wenzake watano walitoka nayo kisiwa cha Elephant Island tarehe 24 Aprili 1916 kutafuta msaada, wakafika kisiwa cha South Georgia tarehe 10 Mei, kama kilomita 1,300 za bahari iliyochafuka. Fundi wao, Harry McNish, aliinyanyua mbavu kwa mbao za kuokoteza, akaifunika turubai, akaikalafati, yaani akaziba nyufa zake, kwa utambi wa taa, rangi za mchoraji na damu ya sili, mnyama wa baharini. Wenzao 22 walibaki kisiwani mpaka tarehe 30 Agosti, alipowafuata Luis Pardo na kimeli cha Chile, Yelcho, akawaleta wote hai hapohapo Punta Arenas.

Nikahesabu miezi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai 1916, huku kwetu Wajerumani walikuwa wanaizamisha meli yao Graf von Götzen kwa mikono yao, mashine wamezipaka grisi zisioze. Ndiyo MV Liemba hii ya Ziwa Tanganyika tunayoijua.

Naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu vyombo viko wazi, na upepo ule haukuachi usome hata kibao kimoja kwa utulivu. Vaa koti, na kofia ifunge kwa kamba.

Mzee nilimwonyesha picha kwenye simu. Habari za Shackleton hakuuliza. Aliivuta picha ikawa kubwa pale mbao zinapokutana, akatazama sana, akasema utambi wa taa haushiki kama pamba.