Msosi wa Kithai Mikocheni: nendeni kikundi na muanze na papai bichi

Wadau, mkiamua kula Kithai msiende wawili, nendeni wanne au watano, maana kile chakula hakikupikwa mtu ajifungie na sahani yake. Wenyewe kule Thailand wanaweka vyote katikati, kila mtu ana wali wake anachota huku kidogo na kule kidogo, tena wanakula kwa kijiko na uma, vijiti mara nyingi ni vya tambi. Sisi tuliolelewa kwenye sinia hilo halitusumbui kabisa. Kwahiyo tulijikusanya washkaji tukaenda kwenye huu mgahawa wa huku mtaani kwetu, sehemu ndogo tu, meza za mbao, feni zinazunguka, na jiko nusu liko wazi.

Anzeni na som tam, saladi ya papai bichi. Mimi nilikaa upande wa jikoni nikawa namwangalia dada anavyoitengeneza, anatupia kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu anatwanga, karanga zinafuata, uduvi, maharage mabichi, nyanya, halafu papai lililochanwa nyembamba linaingia mwisho na hapo hatwangi tena kwa nguvu, mkono mmoja umeshika mchi mwingine umeshika kijiko, anaponda kidogo anageuza anaponda tena, anamalizia na ndimu, sukari na sosi ya samaki. Ikija mezani papai bado linalia mdomoni, chachu, tamu, chumvi na ukali vyote vinakuja kwa pamoja. Na pilipili zenyewe ni zile ndogo, hizi hizi tunazoita kichaa. Dada aliuliza, "Kaka, pilipili niweke kiasi gani?" mwenzetu mmoja wa Tanga akajibu weka kama unajipikia mwenyewe dada yangu, na kweli aliweka, meza nzima tukawa tunavuta makamasi na hakuna aliyeacha. Hiyo sosi ya samaki isiwatishe, ni dagaa wanaolazwa kwenye chumvi miezi kibao mpaka wanatoa maji, ukiinusa peke yake ni nzito lakini ikishaingia kwenye chakula unachosikia ni utamu tu.

Sasa masaman. Jamani masaman!! Ni mchuzi wa nyama wa tui la nazi, na historia yake inahusishwa na Waislamu na wafanyabiashara wa baharini waliofika huko Siamu (jina la zamani la Thailand), ndo maana ndani unakuta iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, yaani vitu vya pilau vyote, halafu unakutana na viazi, karanga na ukwaju. Nyama ilikuwa imeiva mpaka inaachia yenyewe ukiigusa na kijiko, na tui zito lile lililotoa mafuta juu. Kama una mzazi anayesema hali vyakula vya kigeni mpelekee hii, haina ukali wa kumfukuza na ladha zake anazijua tangu utoto.

Tom yam ya kamba nayo safi, supu ya mchaichai, majani ya mndimu wa Kithai na kuna mzizi flani ndugu yake tangawizi, ule hautafunwi jamani, upo kwa ajili ya harufu, weka pembeni pamoja na vipande vya mchaichai. Grini kari, mchuzi wa kijani wa tui la nazi, ilikuwa ya kawaida, nzuri ila haikutushtua.

Kilichoniangusha ni pad thai. Tambi zilikuwa zimeshikana na sukari imezidi, ukwaju hausikiki kabisa wakati ukwaju ndo unaoibeba ile sahani, tukakamulia ndimu nyingi na kuongeza karanga za kusaga ikakaa vizuri kidogo, lakini kwa bei ile nisingeiagiza tena pale. Na huduma ni ya taratibu, kila kitu kinapikwa ukishaagiza, so ukiwa na njaa kali agiza som tam na wali mapema ukisubiria vingine.

Tulikuwa na mwenzetu asiyekula kitimoto, aliuliza kabla hatujaagiza na wakamjibu vizuri bila kumzungusha, wakamwambia sahani zipi zina kuku, ng'ombe na vya baharini tu. Mwenye aleji ya karanga aseme mapema sana maana zipo kwenye som tam, pad thai na masaman, na asiyekula kamba akumbuke ule uduvi.

Bei sio ya mama ntilie, ila mkichanga watu watano na mkala kwa kushea inavumilika kabisa, na mnaonja vitu vingi ambavyo peke yako usingeweza kuvilipia.

Malizieni na embe na wali wa kunata uliomwagiwa tui lenye sukari na chumvi kidogo, hiyo chumvi ndo siri yake. Nendeni msimu wa embe, kuanzia Novemba hivi mpaka Januari, na muagize sahani mbili moja kwa moja maana moja mtagombana.